Vitabu Vinne vya Kwenda Ibra

Kabla hajagusa kitabu chochote, Maalim huchukua kadi tupu. Ni zile kadi nene za katalogi, zenye tundu moja chini, zilizobaki tangu alipokuwa mkutubi. Huiweka mezani, huchonga penseli kwa wembe, kisha humtazama aliyekuja. Jioni hii aliyekuja ni mwalimu kijana wa skuli ya msingi, binti wa hapahapa Unguja, anayekwenda Omani kukaa mwaka mzima kwa shangazi wa mama yake. Amesema anataka kitabu cha Omani. Mimi nimekaa kwenye baraza ya ndani, kwa ruhusa yao, nitazame kazi inavyofanywa.

Kazi yenyewe haina jina. Watu wa Mji Mkongwe wanajua tu kwamba ukipata safari ya nchi usiyoijua, utapanda ngazi za Maalim na atakuchagulia cha kusoma. Halipwi. Vitabu ni vyake, na huviazimisha kwa daftari.

"Omani wapi?" anauliza.

"Ibra, Maalim."

Kwenye kadi anaandika Ibra. Neno Omani haliandiki.

"Nani atakupokea?"

"Bibi yangu. Alizaliwa hapa Malindi, akaondoka bado msichana."

Penseli inasimama kidogo, kisha inaandika. Anauliza Kiarabu chake. Binti anajibu kwamba ni cha chuoni: anasoma vizuri, ila si kila anachokisoma anakielewa. Kiingereza hakimpi taabu. Halafu linakuja swali ambalo sijapata kulisikia kwa muuza vitabu yeyote: "Usiku unasoma kurasa ngapi kabla usingizi haujakuchukua?" Binti anafikiri. Kumi, anasema, na ishirini kitabu kikiwa kitamu. Safari ni baada ya wiki nane.

Maalim anapiga hesabu ukingoni mwa kadi. Wiki nane ni siku 56. Anatoa siku za mwisho, za kuaga na kufunga mizigo, anabakisha 50. Kurasa 15 kwa usiku: 750. Anaichorea mstari chini ile namba. Kila kitakachochaguliwa kitatoka ndani ya kurasa hizo 750, na hapo ndipo nilipoanza kuiheshimu kazi hii. Wengi tunaoulizwa vitabu vya kusoma tunataja tulivyovipenda sisi, vinane au kumi kwa pamoja, wala hatujiulizi mwenzetu atavisoma lini.

Baada ya kadi ni atlasi. Anaifungua juu ya mkeka, anapiga magoti, na kidole chake kinasafiri polepole. Kinaanzia Maskati, kinapanda na pwani ya Batina mpaka Suhar, kinarudi. Kinavuka milima ya Hajar. Nyuma ya milima kinaonyesha Nizwa, Bahla na Hamra, Omani ya ndani, nchi ya ngome za udongo na mitende. Kinaelekea mashariki na kutua Ibra, katika Sharqiya. Mwisho kinateremka mbali sana kusini-magharibi hadi Salalah, karibu kilomita 1,000 kutoka Maskati, ambako mvua za kusi huugeuza mlima kuwa kijani. Kila anapotua anaweka kipande cha karatasi. Binti anafuata kwa macho. Anaona mwenyewe, bila kuambiwa, kwamba nchi aliyoitaja kwa neno moja ina pwani, mlima, bara na mchanga, na kwamba mtu anaweza kusoma sana habari za Salalah akafika Ibra hajui kitu.

Ndipo anaposimama kwenye rafu. Anashusha vitabu kama ishirini, mara mbili anapanda kigoda, na anavipanga mkekani migongo ikielekea kwake. Uchambuzi unaanza, nao una utaratibu ambao haubadiliki kutoka kitabu kimoja hadi kingine.

Kwanza anafungua ukurasa ulio nyuma ya jina la kitabu. Anasoma mwaka wa kuchapishwa, mwaka wa toleo la kwanza kama ni tofauti, lugha kilichoandikiwa, na jina la mfasiri. Kisha anaruka mpaka nyuma, kwenye faharasa. Kidole kinashuka: Ibra ipo? Zanzibar ipo, na kama ipo, ni kurasa ngapi? Maji? Wanawake? Watumwa? Kahawa? Kitabu kinachojiita historia ya Omani, na faharasa yake ina balozi kumi wa Uingereza na haina neno moja kuhusu maji, kinawekwa kushoto bila maneno. Baada ya faharasa anafungua katikati, popote, na kusoma ukurasa mmoja mzima midomo ikicheza. Anachotafuta hapo, kama alivyonieleza baadaye, ni kama mwandishi aliwahi kuketi. Mtu aliyeketi nyumbani kwa watu ataandika nani alimimina kahawa, kwa mkono upi, na nani alipewa kwanza. Aliyepita njia ataandika machweo.

Anakwenda hivyo kama anayechambua mchele, punje kwa punje, na hana haraka hata kwa kitabu ambacho bila shaka amekwisha kukichambua mara nyingi kwa ajili ya wasafiri wengine. Nilimwuliza kwa nini anakifungua upya kitabu anachokijua. Alinijibu kwamba kitabu ni kilekile lakini anayekwenda si yuleyule.

Vilivyobaki anavigawa kwa tarehe moja: 23 Julai 1970. Siku hiyo Qaboos alimpindua baba yake, Sultani Said bin Taimur, akashika nchi. Wakati huo Omani nzima ilikuwa na skuli tatu tu za kisasa na barabara ya lami ya kilomita kama kumi. Mafuta yalikuwa yameanza kuuzwa nje miaka mitatu tu nyuma. Kitabu cha kabla ya tarehe hiyo na kitabu cha baada yake vinazungumzia mahali pamoja lakini maisha mawili, na msafiri asiyejua mpaka huo atayachanganya. Maalim anaweka rula ya mbao katikati ya mkeka. Huku ni kabla, huku ni baada.

Upande wa kabla, kitabu kikubwa kuliko vyote ni Arabian Sands cha Wilfred Thesiger, kilichotoka mwaka 1959. Thesiger alilivuka jangwa la Rub' al-Khali kwa ngamia mara mbili, kati ya 1946 na 1948, pamoja na vijana wa Kibedui, na uzeeni aliishi miaka mingi Maralal, Kenya, miongoni mwa Wasamburu. Maalim anakipenda kitabu hiki. Anakishika muda mrefu, anageuza picha moja moja. Halafu anakiweka kushoto. Binti anakwenda kwenye mji wa mitende na mifereji, kwenye nyumba ya bibi mwenye jiko la gesi na wajukuu. Akisoma Thesiger kwanza atashuka uwanja wa ndege akitafuta ngamia, na kila taa ya barabarani itamwonekea kama uharibifu. "Hiki utasoma ukirudi," anamwambia. Nadhani hukumu hiyo ni ya haki, na ni ngumu zaidi kuitoa kwa kitabu kizuri kuliko kwa kibaya.

Upande wa baada kuna mashindano ya kweli, nayo yalinifurahisha kuyatazama. Kuna vitabu viwili vya mke na mume kutoka Norway, Unni Wikan na Fredrik Barth, waliofanya utafiti mji mmoja, Suhar, katikati ya miaka ya 1970. Cha Wikan, Behind the Veil in Arabia, kilitoka 1982. Cha Barth, Sohar, kikafuata 1983. Maalim anaviweka bega kwa bega na kumwonyesha binti jambo dogo: mume aliyaona ya sokoni, mke akayaona ya uani, na mji ni uleule. Pembeni yake anaweka cha tatu, Women and Community in Oman, cha Christine Eickelman, cha mwaka 1984. Huyu Mmarekani alikaa Hamra mwaka 1979 na 1980 pamoja na mumewe na mtoto wao mdogo, na sehemu kubwa ya kitabu chake ni wanawake wanaotembeleana: nani anakwenda kwa nani, saa ngapi, nani hukaa wapi, tende zinatangulia au kahawa, na mzazi aliyejifungua hutembelewa namna gani.

Anarudi kwenye atlasi. Suhar ni pwani, mji wa bandari wenye watu wa kila asili. Hamra ni bara, chini ya mlima, mji mdogo ambao karibu kila mmoja anamjua mwenzake. Ibra haiko karibu na wowote kati ya miji hiyo, lakini kwa mienendo iko upande wa Hamra. Anachukua Eickelman, anawarudisha wale Wanorway kwenye rafu. Sura mbili zinazozungumza zaidi na wataalamu anazitia utepe mwembamba mwekundu, maana yake ziachwe. Kurasa 750 hazina nafasi ya kila kitu.

Suala la maji alilihangaikia zaidi kuliko nilivyotarajia. Omani ya ndani inaishi kwa falaj, mifereji inayotoa maji chini ya mlima na kuyapeleka mashambani na misikitini kwa mteremko peke yake, bila pampu. Takriban 3,000 bado inatumika, na mwaka 2006 mitano iliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Maji hugawanywa kwa zamu za muda, na zamani zamu hizo zilipimwa kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku. Kitabu kikubwa cha jambo hili, cha John Wilkinson cha mwaka 1977, ni kizito mno kwa msafiri. Riwaya inayolisimulia vizuri zaidi ni ya Zahran Alqasmi, kuhusu mtu anayesikia maji yakitembea chini ya ardhi. Ilipata tuzo ya kimataifa ya riwaya ya Kiarabu mwaka 2023, mara ya kwanza kwa mwandishi wa Omani. Lakini ni ya Kiarabu, na Kiarabu cha binti hakijafika huko. Maalim anaandika jina la riwaya hiyo kwa herufi za Kiarabu kwenye kadi ndogo, kwa mkono mzuri wa kale, na chini yake: ununue huko, usomewe na mwenyeji. Kwa hivyo orodha yake ina pia kitabu ambacho hakipo chumbani, na kitakachompa binti sababu ya kuketi na mtu.

Riwaya aliyoichagua haikuwa na ushindani. Ni Celestial Bodies ya Jokha Alharthi, iliyochapishwa Beirut mwaka 2010 kwa jina la Sayyidat al-Qamar, ikatafsiriwa kwa Kiingereza na Marilyn Booth mwaka 2018. Mwaka uliofuata ikatwaa tuzo ya Man Booker International, kitabu cha kwanza cha Kiarabu kuipata. Ni habari za dada watatu, Mayya, Asma na Khawla, katika kijiji cha kubuni kiitwacho al-Awafi. Mume wa Mayya, Abdallah, anasimulia mwenyewe akiwa ndani ya ndege, na sura nyingine zinaruka kutoka kizazi hadi kizazi bila kubisha hodi. Msomaji mgeni hupotea. Maalim anachukua kadi nyingine, na kwa penseli na rula anachora mti wa ukoo: Salima na Azzan juu, mabinti chini yao, waume zao pembeni, na upande wa pili nyumba ya tajiri Sulayman, baba wa Abdallah. Katika nyumba hiyo anaandika jina la Zarifa, na analizungushia duara. Zarifa ni mtumwa aliyemlea Abdallah, naye ana mwana aitwaye Sanjar. Utumwa Omani ulikomeshwa rasmi mwaka 1970, na Alharthi anauandika bila kupaka rangi.

Maalim hakumtolea binti hotuba juu ya hilo. Alichomeka kikaratasi kwenye ukurasa wa Zarifa, chenye swali moja: nani amemlea Abdallah, na kwa nini? Nilivitazama vikaratasi vyake vyote jioni ile. Hakuna hata kimoja kinachomwambia msomaji aone nini. Kimoja kinasema: ukifika Ibra, uliza maji ya mtaa huu yanatoka wapi. Kingine: hesabu vikombe.

Kuhusu Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 hakumpa kitabu. Mimi ningeweka Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru! cha Harith Ghassany, cha mwaka 2010, kwa kuwa ni cha Kiswahili na kimejaa masimulizi ya waliokuwapo. Nilimwambia hivyo. Alilichukua swali langu kwa uzito, akakitoa kitabu, akakipima mkononi, kisha akasema kwamba bibi wa Ibra aliondoka Malindi akiwa msichana. Atakuwa na simulizi yake, na atataka kumsimulia mtu ambaye hajafika na hukumu mkononi. Bado nadhani ningekiweka. Lakini niliona kwamba alikuwa amelifikiria tangu pale penseli iliposimama, mwanzo kabisa, na kwamba yule bibi asiyemjua tayari alikuwa na sauti katika uchaguzi huu.

Kitabu cha kwanza katika mpango wake si cha Omani. Ni kumbukumbu za Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said wa Omani na Zanzibar, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, akaondoka Unguja mwaka 1866 ili aolewe na mfanyabiashara wa Kijerumani, akaitwa Emily Ruete, na kuchapisha maisha yake kwa Kijerumani mwaka 1886. Anasimulia jinsi alivyojifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Baba yake alikuwa na mguu mmoja Maskati na mmoja Unguja, na alifia baharini mwaka 1856 akirudi huku kutoka Omani.

Nakala ya Maalim, tafsiri ya Kiingereza, ilikuwa imechoka. Mkunjo mmoja wa kurasa ulikuwa umetoka. Akauahirisha uchaguzi, akawasha taa ya mezani, akafanya kazi ya mikono. Alikata uzi wa zamani kwa ncha ya wembe na kuuvuta nje kidogo kidogo asichane karatasi. Aliulinganisha mkunjo na wenzake kwa kuugonga taratibu mezani. Kwa msharasi mwembamba aliyafungua matundu yaleyale ya awali, asitoboe mapya. Uzi wa kitani aliupitisha kwenye kipande cha nta mara tatu, akaushona ndani, nje, ndani, akaukaza kwa kuuvuta sambamba na mgongo na si kwenda juu, kwa sababu ukivuta juu karatasi hupasuka. Mgongoni alipaka gundi ya unga wa ngano kwa brashi, akabandika ukanda wa bafta, akausugua kwa kucha ya kidole gumba mpaka mapovu yakaisha. Kitabu kikalazwa chini ya kamusi mbili. Binti akaambiwa arudi kesho baada ya alasiri.

Kesho yake vitabu vilikuwa vinne, kila kimoja kimevikwa karatasi ya kaki kama daftari la skuli, na namba mgongoni. Salme ni namba moja, na asomwe hapa hapa, ili jioni moja binti aende Mtoni akayaone magofu ya nyumba alimozaliwa Salme kwa macho yake. Namba mbili ni Eickelman. Namba tatu ni Alharthi, aisome wiki za mwisho na aimalizie njiani. Namba nne, iliyofungwa kwa uzi, ni In the Time of Oil cha Mandana Limbert, cha mwaka 2010, utafiti wa mji wa Bahla: watu waliokumbuka njaa na giza, wakapata lami na umeme, na sasa wanajiuliza mafuta yakiisha itakuwaje. Hicho hakimo ndani ya zile kurasa 750, wala hakifunguliwi kabla binti hajamaliza mwezi wa kwanza Ibra, atakapokuwa amekwisha kunywa kahawa ya kutosha katika nyumba za watu kuweza kubishana na mwandishi.

"Na nikiona mwandishi amekosea, Maalim?"

"Andika pembeni. Kwa penseli."

Halafu likafunguliwa daftari. Lina safu tatu: jina la kitabu, mahali kilikokwenda, na safu pana ya mwisho ambayo hujazwa msafiri akirudi. Nilisoma safu hiyo wakati binti akipanga vitabu mkobani. Miaka ya nyuma aliyekwenda Nizwa aliondoka na vitabu vya Omani vitupu, na aliporudi Maalim aliandika maneno yake: kila nyumba niliyoingia waliniuliza habari za Zanzibar, mtaa fulani, karafuu, nyumba ya fulani, na mimi nilikuwa nimesoma mifereji yao tu. Mstari unaofuata una wino mwingine. Hapo ndipo Salme alipoingia kwenye orodha, na tangu siku hiyo hakuna aliyekwenda Omani kwa ngazi za Maalim bila kuanzia Mtoni.